Dereva wa lori naye anataka kulala kwake

Ukisafiri kwa basi usiku kutoka Nairobi kwenda Mombasa, utayaona malori yakifuatana kama siafu, taa nyekundu baada ya taa nyekundu, tangu Mlolongo hadi Mariakani. Basi likikwama nyuma ya trela lililobeba kontena na kujikokota mlimani, abiria husonya. Utamsikia mmoja akiuliza huyu dereva amejifunzia wapi kuendesha gari. Ni nadra sana kumsikia mtu akiuliza huyu dereva atalala wapi. Hilo ndilo swali ninalotaka tulizungumze Jumapili ya leo.

Mtaani kwetu kuna baba mmoja wa watoto watatu ambaye kwa miaka 11 aliendesha trela la kampuni kubwa ya uchukuzi. Kampuni yenyewe sitaitaja. Mwaka jana aliacha kazi hiyo kwa hiari yake. Majirani walipigwa na butwaa. Kazi zenyewe ziko wapi siku hizi? Mtu anaachaje kazi katika kampuni yenye malori mamia, yenye sare na mshahara wa kupitia benki, akaenda kuendesha lori dogo la mikate? Wenye ndimi ndefu walinong'ona kwamba amefutwa kwa kuuza dizeli njiani.

Nilipowatembelea, sikujibiwa na yeye. Mkewe ndiye aliyeinuka, akaingia chumbani na kutoka na kalenda ya zamani, ile ya kupewa bure dukani mwishoni mwa mwaka. "Hebu hesabu mwenyewe, jirani," akaniambia. Kila siku ambayo mumewe alilala nyumbani, mama huyo alikuwa ameizungushia duara kwa biro nyekundu. Nilihesabu polepole, nikarudia. Katika mwaka mzima wenye siku 365, duara zilikuwa 61. Mwezi wa Aprili ulikuwa na mbili tu. Siku ya Krismasi haikuwa na duara. Baba alikuwa Malaba akingoja kuvuka.

"Sikuzichora ili nimgombeze," mama alisema. "Nilitaka tu kujua kama ninaota." Kisha akanieleza jambo lililomtia uchungu zaidi. Mtoto wao wa pili, aliye Gredi ya 4, anaijua barabara ya Mombasa hadi Malaba kama kiganja cha mkono wake. Atakutajia Maungu, Voi, Mtito Andei, Emali, kisha Gilgil, Salgaa, Webuye, bila kuruka hata mji mmoja, kwa sababu kila jioni huuliza baba amefika wapi. Lakini siku mwalimu alipowaambia waandike chakula ambacho baba zao hupenda, mtoto huyo aliacha nafasi wazi.

Jioni ambayo baba alionyeshwa kalenda hiyo, hakusema neno. Siku ya tatu akaandika barua ya kuacha kazi.

Sasa wewe msomaji unaweza kusema: huyo ni mmoja, na kila kazi ina taabu zake. Ni kweli. Lakini zungumza na madereva wa masafa marefu popote wanapoegesha, iwe Mlolongo, Salgaa au Malaba, na utaambiwa jambo lilo hilo. Wengi wao hawauchukii usukani. Wanaupenda. Wanachokimbia ni namna wanavyolipwa na namna muda wao unavyohesabiwa, au tuseme usivyohesabiwa.

Nieleze kidogo. Kutoka bandari ya Mombasa hadi mpaka wa Malaba ni zaidi ya kilomita 900, na kuna wanaovuka kwenda Kampala, Kigali, Juba au mashariki mwa Congo. Mara nyingi dereva hupewa mshahara mdogo wa mwezi, kisha anaongezwa pesa za safari, ambazo wenyewe huziita mileji. Pesa hizo ndizo humlipia karo na kodi ya nyumba. Hapo ndipo penye tatizo. Dereva hungoja kupakiwa mzigo bandarini. Hungoja kwenye mizani ya Mariakani, ya Mlolongo, ya Gilgil na ya Webuye. Hungoja karatasi za forodha mpakani. Akifika, hungoja mwenye mzigo awe tayari kushushiwa. Wakati huo wote yuko kazini, maana akiliacha lori aende zake na mali ikiibwa, ataulizwa yeye. Lakini magurudumu yasipozunguka, pesa nazo hazizunguki.

Jirani yangu ananiambia kwamba kuna mwezi alikaa kwenye foleni na uwanja wa kushushia mizigo siku nyingi kuliko alizoendesha. Chakula alijinunulia. Maji ya kuoga alinunua. Choo alilipia. Aliporudi ofisini, hesabu ya kampuni ilionyesha safari mbili tu, kana kwamba siku nyingine alikuwa amelala kwake akitazama televisheni.

Tena kuna sheria. Sheria ya Trafiki, kwa marekebisho ya mwaka 2012, inakataza dereva wa gari la biashara kuendesha kwa zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Ni sheria nzuri, na sote tunaotumia barabara hizo tunaihitaji. Hatujasahau ajali ya Migaa ya tarehe 31 Desemba 2017, pale basi na lori yalipogongana usiku na watu 36 wakafariki. Lakini mtu anayelipwa kwa safari, akipoteza siku mbili kwenye foleni, atazifidia wapi kama si usiku, macho yakiwa mazito? Sheria inamwambia alale. Mfuko unamwambia aendeshe.

Juu ya hayo, riziki yake hubadilika kwa tangazo moja. Mwaka 2018 reli mpya ya SGR ilianza kubeba mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Mwaka 2019 ikatolewa amri kwamba kontena zote za kwenda bara zisafirishwe kwa treni, na Mombasa ikashuhudia maandamano hadi amri hiyo ikasitishwa. Septemba 2022, siku alipoapishwa, Rais William Ruto akatangaza kwamba shughuli za kuondoa mizigo zirejeshwe Mombasa. Katikati ya hayo ukaja ugonjwa wa korona. Mwaka 2020 foleni ya Malaba ilienea kwa kilomita nyingi, madereva wakilala ndani ya malori wakingoja kupimwa, na katika miji mingi walikotegemewa kununua chakula walikimbiwa kama wenye ukoma. Januari 2022 walipogoma kwa sababu ya vipimo vya lazima na ada yake, bei ya petroli ilipaa nchini Uganda katika siku chache. Hapo ndipo wengi walipokumbuka kwamba hata mafuta ya gari la mkubwa huletwa na dereva wa lori.

Msomaji, usidhani mambo haya ni ya huku kwetu tu. Huenda una mjomba au binamu aliyekwenda Marekani na sasa anaendesha lori huko, maana Wakenya wanaofanya kazi hiyo ni wengi. Kule kampuni kubwa zinazobeba mizigo ya lori zima kwa masafa marefu zimelalamika kwa miaka mingi kwamba madereva hawakai. Chama cha wenye malori cha nchi hiyo, American Trucking Associations, kimekuwa kikitoa hesabu, na katika miaka mingi kiwango cha madereva wanaoondoka katika kampuni hizo kwa mwaka kimekaribia asilimia 90 au kupita hapo. Hii haimaanishi kwamba katika kila madereva 100, 90 walifunga virago. Wapo waliokaa miaka mingi, na vipo viti vilivyokaliwa na watu wawili au watatu katika mwaka mmoja. Hata hivyo, ni idadi ya kutisha. 

Kwa nini? Kwanza, madereva wengi wa kampuni hizo hulipwa kwa maili. Sheria yao inawaruhusu kuendesha saa 11 ndani ya muda wa kazi wa saa 14, baada ya kupumzika saa 10. Akikalishwa ghalani saa nne akingoja kupakiwa, hizo nne zimeliwa katika zile 14, na mara nyingi hazilipwi au hulipwa kidogo. Pili, sheria ya mwaka 1938 iliyowapa wafanyakazi wa Marekani haki ya malipo ya ziada kwa saa za ziada iliwaacha nje madereva wa aina hii. Tatu, mwaka 1980 Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria iliyofungua biashara ya uchukuzi kwa ushindani. Bei ya kubeba mizigo ilishuka, wanunuzi wakafurahi, lakini mishahara ya madereva nayo ikashuka. Profesa Michael Belzer, mwanauchumi ambaye mwenyewe aliwahi kuendesha lori, alichapisha kitabu mwaka 2000 akieleza jinsi kazi iliyokuwa ya heshima ilivyogeuka kuwa ya kuvuja jasho kwa malipo duni.

Sasa sikiliza ajabu yake. Nchini humo humo ziko kampuni nyingine, kubwa vilevile, ambazo hukusanya mizigo midogo ya wateja wengi na kuipeleka kutoka kituo hadi kituo. Madereva wao hawatoroki hivyo. Kiwango cha wanaoondoka hakifiki hata robo ya kile cha wenzao. Lori ni lile lile. Leseni ni ile ile. Barabara ni ile ile, mvua na theluji ni zile zile. Tofauti ni kwamba huku ratiba inajulikana, malipo ni bora, na wengi hurudi nyumbani. Mara nyingine dereva wa mji huu na wa mji ule hukutana katikati ya njia, hubadilishana matrela, na kila mmoja hurudi kwao.

Mwaka 2019 wanauchumi wawili, Stephen Burks na Kristen Monaco, waliandika katika jarida la idara ya takwimu za kazi ya Marekani kuhusu kilio cha kila siku kwamba madereva ni haba. Waliona kwamba soko la kazi hiyo kwa jumla linafanya kazi kama masoko mengine, na kwamba mahali penye kuhamahama sana ni pale pa masafa marefu. Kwa Kiswahili chepesi: ndoo ikivuja, dawa si kuongeza maji bali kuziba tundu.

Turudi nyumbani. Madereva wanaoacha kampuni kubwa za hapa kwetu wanakwenda wapi? Nimewaona wa aina tatu.

Wa kwanza ni kama jirani yangu. Wanatafuta kazi ya karibu: lori la mikate au la maziwa, la saruji mjini, basi la shule, gari la shirika au la serikali ya kaunti. Anaamka saa nane usiku, lakini saa tano asubuhi yuko mezani kwake akinywa chai.

Wa pili ni wanaovuka bahari, hasa kwenda nchi za Ghuba. Wapo waliofanikiwa na kujenga. Wapo pia waliouza shamba kumlipa wakala, wakafika huko na kukuta mkataba mwingine kabisa, kwa lugha wasiyoisoma. Ikiwa baba au kaka yako anafikiria njia hii, mwambie asitoe hata senti kabla ya kuhakikisha kwamba wakala huyo amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na kabla ya kuusoma mkataba akiwa bado hapa. Tena akumbuke kwamba kama anachokimbia ni kukaa mbali na watoto, Ghuba si dawa. Hapo hatakuwa na hata zile duara 61.

Wa tatu ni wanaonunua lori lao wenyewe, aghalabu la zamani na kwa mkopo. Huyu naye ana heshima ya kuitwa mwenye gari. Lakini tairi zikipasuka, zimepasuka zake. Mzigo ukikosekana, benki haikosekani. Ninamjua mmoja aliyerudi kuomba kazi kwa mwajiri wake wa zamani baada ya miezi 14, na mwingine ambaye sasa ana malori mawili. Kilichowatofautisha si bahati tu. Yule wa pili alikuwa amepata mteja wa kudumu kabla ya kukopa.

Wenye kampuni nao wana lao la kusema, na haki ni kuwasikiliza. Wanasema dizeli ni ghali, malori yananunuliwa kwa mikopo, wateja wanachelewa kulipa, na wapo madereva wanaofyonza mafuta au kupakia mizigo ya pembeni. Ni kweli wapo. Lakini mwizi wa dizeli haondoki kwa barua. Huyo hungoja kufukuzwa. Anayeondoka kwa barua mara nyingi ni yule mwangalifu, aliyeendesha miaka 11 bila ajali, na nafasi yake inachukuliwa na kijana asiyeujua mteremko wa Salgaa. Gharama ya hilo haiandikwi katika vitabu vya kampuni. Huandikwa barabarani, na wewe na mimi tumo ndani ya basi.

Kama kwenu kuna dereva anayetaka kuhama, yako mambo machache ambayo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa, na wengi huondoka bila kuyadai. Anayelipwa kwa mwezi anapaswa kutoa ilani ya siku 28 kwa maandishi, au kulipa badala ya ilani. Asizime simu na kuliacha lori kituoni. Anastahili siku 21 za likizo yenye malipo kila mwaka, na zile ambazo hakuzichukua zihesabiwe katika malipo yake ya mwisho. Anastahili angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Na akiondoka, mwajiri anapaswa kumpa cheti cha utumishi kinachoonyesha kazi aliyofanya na muda aliofanya. Cheti hicho ni mali. Bila karatasi hiyo, miaka 11 ya barabarani huonekana kama hadithi ya kijiweni.

Lakini jambo kubwa zaidi halimo katika sheria. Ni kikao cha mezani. Jirani yangu hakuhama kwenda kwenye pesa nyingi. Amehama kwenda kwenye pesa chache. Ukizijumlisha pesa za safari alizokuwa akipata, nyumba hiyo sasa inaingiza kidogo kuliko zamani. Kifungua mimba wao ametolewa shule ya bweni, sasa anasoma shule ya kutwa. Mama ameanzisha kibanda cha mboga karibu na lango la mtaa. Kuna siku, anakiri mwenyewe, huutazama mfuko wa unga uliokaribia kwisha na kujiuliza kama duara zake zile hazikuwaponza. Walikubaliana wote wawili, wakijua watakachopoteza, na ndiyo maana hakuna anayemlaumu mwenzake.

Familia nyingine ikifanya hesabu hiyo hiyo inaweza kuamua baba aendelee na masafa marefu miaka mitatu zaidi, hadi mtoto amalize chuo. Huo nao ni uamuzi wa watu wazima. Kilicho kibaya ni kutoihesabu kabisa. Kumwona baba kama mashine ya kutuma pesa kwa simu, na baba kuwaona watoto kama ada ya shule. Wewe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu kwa karo iliyotoka barabarani, ukimpigia simu baba yako jioni ya leo, usimuulize tu kama ametuma. Muulize amekula nini, na amelala saa ngapi.

Nilipokuwa nikiaga, nilimuuliza yule mama kama bado anachora duara katika kalenda ya mwaka huu. Alicheka. "Jirani, niliacha mwezi wa pili," akasema. "Ningemaliza biro." Mumewe alikuwa sakafuni akimsaidia yule wa Gredi ya 4 kuchora ramani ya Kenya, na walikuwa wakibishana kama Maungu iko kabla ya Voi au baada yake. Baba alisema inategemea unatoka wapi.